Aliyeshika Ufunguo wa Chumba cha Dobi

Hamisi Nalinga alikufa akipiga hodi.

Haukuwa mlango wa nyumba. Ulikuwa mlango wa chuma, ndani kabisa ya tumbo la meli kubwa ya abiria, katika chumba cha dobi, mchana kweupe. Bomba la mvuke lilikuwa limepasuka nyuma yetu na chumba kizima kimejaa wingu linalochoma, huoni hata mkono wako. Hamisi alikuwa ameegemeza kifua mlangoni, anagonga kwa ngumi na kuita, "Hodi, mlezi! Mlezi, hodi! Tunaungua huku!" Na nje ya mlango alikuwepo mtu. Nilimsikia akikohoa. Ufunguo alikuwa nao mfukoni. Hakufungua.

Mtu huyo anaitwa Abdala Chitanda. Msijisumbue kutafuta Chitanda mwingine, ni huyo huyo mwenye duka la vitambaa hapa Nachingwea, anayekaa safu ya kwanza msikitini siku ya Ijumaa na kupewa mkono na kila mtu. Wa pili wa kuulizwa ni Mwingereza, Bwana Garrick, aliyekuwa mkubwa wetu melini. Nimewataja mapema ili asije mtu akasema nilizunguka.

Sasa nimeacha kazi. Ninyi vijana wa chumba cha kufulia cha hospitali mlininywesha chai, mkanipa kanzu, mkaniomba niwaandikie kazi ya udobi ilivyokuwa, kwa vile nimefua mpaka kwenye meli ya wazungu. Mlitaka mambo ya kuchekesha, najua. Ya kuchekesha yamo. Lakini mama yake Hamisi yuko hai kule Nambilanje, bado anamngoja mwanawe arudi kutoka Ulaya, na mtu pekee anayeweza kumtoa katika kungoja huko anapima kaniki dukani kama vile hakuna kitu. Kwa hiyo nitaandika yote. Shule yangu ni darasa la pili, na mkono wangu wa kushoto mnaujua ulivyo, vidole vimeshikana. Wa kulia unatosha.

Mimi ni mtu wa Chunyu. Mama yangu alizaliwa Nambilanje, ndiyo sababu nilipelekwa jandoni huko, pamoja na Hamisi. Mlezi wetu sote wawili alikuwa Chitanda, wakati huo kijana mwenye mabega, ametokea Mtua. Ninyi mliotahiriwa hospitali kwa sindano ya ganzi hamjui mlezi ni nini. Mlezi ndiye anayekushika kisu kinapopita. Ndiye anayekuletea chakula cha mama yako kule porini, na kukuosha kidonda. Ukizidiwa na maumivu huondoki ulipo. Unamwita mlezi, halafu unamngoja. Wale waliokimbia walichapwa mbele ya wenzao mpaka wakajuta kuzaliwa wanaume. Hamisi hakukimbia. Alisifiwa sana kwa hilo, na sifa hiyo ilimkaa mwilini.

Kazi tuliianzia hapa hapa Nachingwea, wazungu walipokuja kulima karanga kwa matrekta. Kila mtu anakumbuka matrekta, hakuna anayekumbuka kwamba wale waliokuwa wakiyaendesha walikuwa wanataka kaptula nyeupe kila asubuhi katika vumbi lile jekundu. Kaptula hizo tulizifua sisi. Garrick alikuwa mkubwa wa kantini na nyumba zao, Chitanda alikuwa nyapara wa maboi na madobi, na Chitanda ndiye aliyetuita mimi na Hamisi. Tulifurahi. Tulisema mlezi wetu ametukumbuka.

Siku ya kwanza Hamisi alipewa kazi ya wanga. Wanga wenyewe ulikuwa wa muhogo, unapikwa kwenye debe, unapunguzwa kwa maji. Hamisi hakupunguza. Aliona uji mzito ndio uji wa heshima. Kaptula za Garrick zilipokauka ziliweza kusimama zenyewe sakafuni, na tulizisimamisha kweli, safu nzima kama askari. Garrick akavaa moja, akajaribu kukaa, ikakataa.

"Nani kafanya hivi?" akauliza.

Chitanda akamsukuma Hamisi mbele. "Huyu, bwana. Mjinga wa kijijini."

"Mlezi," Hamisi akamwambia baadaye, "ungesema hata kwamba ni debe."

"Nikisema ni debe atamfukuza nani, debe?"

Tulicheka. Nilikuja kulielewa jibu lile baadaye sana.

Karanga zikawashinda wazungu, kama mnavyojua. Garrick akapata kazi kwenye meli ya abiria, mkubwa wa ufuaji na vitambaa vyote, na akamwambia Chitanda amtafutie madobi waliozoea mkono wake. Tukapanda treni hapa mpaka Mtwara, tukapelekwa Dar es Salaam, tukaingizwa melini kwa mlango wa pembeni unaopitisha viazi. Jina la meli silitaji, imekwisha kuuzwa na mabwana wake siwajui. Sisi wenyewe tulikuwa tukiiita Nyumba Nyeupe.

Watu huniuliza, "Safari ya meli kubwa ikoje?" Wanadhani nitawaambia habari za bahari. Bahari niliiona nilipopanda na nilipotolewa. Chumba cha dobi kilikuwa chini, hakina dirisha. Ndani mna mapipa ya chuma ya kufulia yanayozunguka kwa mtambo, madumu ya sabuni, meza za pasi, na mashine ya kunyoosha shuka: mapipa mawili marefu, yamelaliana, yanapashwa moto na mvuke unaokuja kwa bomba kutoka kwenye injini. Unaingiza shuka mbichi upande huu, inatoka kavu upande ule. Ukiingiza na kidole, kinatoka kikavu vilevile. Darini palikuwa na tundu la bati, pana kiasi cha mabega ya mtu, ambalo nguo chafu zilitupwa kutoka juu zikatuangukia kwenye lundo.

Safari yenyewe niliijua kwa madoa. Shuka zikija na matapishi, najua bahari imechafuka. Mataulo yakija na mchanga, tumefika mahali wameshuka kuogelea. Vitambaa vya meza vikija na mvinyo mwekundu na rangi za midomo ya kina mama, najua jana kulikuwa na dansi. Mzungu aliye safarini hana kazi ila kubadili nguo. Nguo ya chai ya asubuhi, nguo ya kuchezea mpira sitahani, nguo ya kulala mchana, nguo ya chakula. Watu wale walikula mara nyingi kuliko kuku. Siwaonei wivu. Nasema tu kwamba starehe yao yote ilipita mikononi mwangu ikiwa chafu.

Aliyenifundisha kazi pale ni Fundi Selemani, Myao wa upande wa Masasi, mtu mzima, alikuwa ametumikia meli kabla yetu. Alitupokea kwa utani. "Nyie Wamwera mmefuata nini baharini? Kwenu maji mnayaona kisimani tu, tena mwaka wa mvua."

Hamisi akamjibu, "Tumekuja kuwatafuta Wayao waliopotea, fundi. Wake zenu wanauliza."

Tangu hapo walipendana. Fundi ndiye aliyenionyesha kwamba doa la mvinyo halisuguliwi, linatiliwa chumvi na kuachwa. Ndiye aliyetukataza kumfungia nyundo mtu kazini, yaani kumharakisha aliye kwenye mashine. Na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuliona bomba.

Kabla ya bomba, mlango. Joto la chumba kile halisimuliki. Tulikuwa tunafanya kazi kifua wazi, na kila tukipata nafasi tunatoka kwenye ujia wa nje kuvuta hewa. Ujia ule ulikuwa unapitwa na abiria wachache wanaokwenda kwenye bwawa la kuogelea. Siku moja mama mmoja akalalamika kwamba ameona watu weusi wanaotiririka jasho. Garrick akatoa amri: mlango ufungwe kwa ufunguo saa za kazi, nyapara akae nje na ufunguo, anayetaka kutoka agonge. Fundi Selemani akamwambia, kwa Kiingereza chake cha mabandarini, kwamba chumba cha moto hakifungwi kwa nje. Garrick akasema, "Si nimeweka mtu?" Kweli alikuwa ameweka mtu.

Tulikuwa tumetoka Adeni, tunarudi Mombasa. Bomba la mvuke likaanza kuvuja kwenye maungio, karibu na mashine ya kunyoosha. Likawa linatoa sauti kama mtu anayefyonza. Fundi akampeleka Garrick akalione kwa macho. Mafundi wa injini wangeweza kulitengeneza, ila lazima mvuke ukatwe na kazi isimame. Garrick akaangalia vitambaa vya meza vilivyokuwa vinangoja, maana kulikuwa na karamu ya nahodha, akasema, "Mombasa. Tutalitengeneza Mombasa. Lifungeni." Tukalifunga kwa matambara. Vijana, lisikieni hili kutoka kwangu kama hamkusikia kingine: mvuke haufungwi kwa tambara. Mkubwa yeyote akikuambia uufunge, mwambie aje ashike mwenyewe.

Lilipasuka wakati abiria wanakwenda kula chakula cha mchana. Zamu ilikuwa yangu na Hamisi. Mimi nilikuwa upande wa lundo la nguo chafu, yeye alikuwa anaingiza shuka. Mkono wangu wa kushoto ulikutana na mvuke wa kwanza, na ngozi ikatoka kama soksi. Tukakimbilia mlango. Umefungwa. Hamisi akaanza kuita.

Nikamvuta. "Twende tunduni! Tupande kule kunakotupwa nguo!"

"Mlezi yupo nje," akasema. "Atafungua."

"Hafungui, Hamisi! Twende!"

"Yupo, namsikia. Ngoja."

Nikamshika kiuno kwa mkono mmoja uliokuwa unafanya kazi. Akanikunguta. Alikuwa na nguvu kunizidi. Mvuke ulipofika usoni sikuweza tena kusimama, nikatambaa mpaka lundoni, nikapanda juu ya nguo chafu na kuingia tunduni, mgongo huku, magoti kule, najisukuma kama nyoka. Nyuma yangu bado anaita. Hodi, mlezi. Sauti ilikuwa ya adabu. Mpaka leo hicho ndicho kinachoniamsha na hasira asubuhi, adabu ile.

Nilitokea juu kwenye ujia wa daraja la kwanza. Ndiyo siku pekee niliyolala kwenye zulia lile, na nililiharibu. Mama mmoja aliyevaa kofia akapiga kelele. Mume wake akasema waite mtu aje aniondoe. Nikawa naonyesha chini, nasema kwa Kiswahili, kwa Kimwera, kwa kila lugha niliyo nayo, mlango, mlango, mlango. Baharia mmoja akaelewa, akakimbia. Walipofika chini, Chitanda alikuwa amesimama pale pale nje, ufunguo bado mfukoni. Ni baharia aliyeutoa mfukoni mwake na kufungua. Hamisi alianguka nje kwa sababu alikuwa ameegemea mlango. Alikuwa amekwisha kufa.

Kilichofuata sikukiona, nilikuwa nimelazwa kwa daktari wa meli, nimefungwa bandeji mpaka machoni. Nilielezwa na Fundi Selemani, naye hakuwa mtu wa kuongeza chumvi isipokuwa kwenye mvinyo.

Fundi alimwomba Garrick maiti iwekwe kwenye chumba cha barafu mpaka Mombasa, ikazikwe na Waislamu wenzake. Garrick akasema chumba cha barafu kina nyama ya abiria. Basi tumuoshe, Fundi akasema, tumvike sanda, tumsalie, halafu ndipo aingie baharini. Garrick akasema hayo yatachukua muda na abiria wamekwisha kuanza kuulizana. Hapo akamgeukia Chitanda. "Wewe ni mtu wa kwao. Watu wake watakasirika?"

Chitanda akajibu, "Hapana, bwana. Watu wa kule bara hawana mambo hayo."

Fundi aliyasikia hayo kwa masikio yake. Watu wa Nambilanje, wenye msikiti tangu babu wa babu zao, hawana mambo hayo! Wakamshona Hamisi ndani ya turubai na vyuma miguuni, wakamtupa kwa nyuma ya meli mchana, huku bendi inapiga sitaha ya mbele. Sisi tuliofua shuka za meli nzima, mwenzetu hakupata shuka moja ya sanda. Sisi tuliokuwa tunamwaga maji kama mto, hakupata ndoo ya kuoshwa. Fundi alisimama peke yake na kumsalia kuelekea Kibla, akiwa na aproni yake ya kazi, na Garrick akamwambia arudi chini, karamu ya nahodha haijaahirishwa.

Mombasa nilikaa hospitali muda mrefu. Nilipofika nyumbani, Chitanda alikuwa ametangulia zamani na ameanza duka. Nikaenda moja kwa moja Nambilanje kwa mama yake Hamisi, Binti Mchopa. Nilimkuta anapalilia mikorosho ya mwanawe. Alinipokea vizuri, akautazama mkono wangu, akalia machozi kwa ajili ya mkono. Halafu akauliza, "Mwenzako hajambo? Huyo mke wake wa Kizungu anajua kutwanga?"

Nikadhani nimesikia vibaya. "Mama, mke gani?"

"Si kaoa Ulaya? Mlezi wake kaja hapa kwa miguu yake, kakaa hapo ulipokaa. Kasema Hamisi kabaki kule, kapendwa na mzungu."

Nikamwambia ukweli. Nilimwambia polepole, nikamwambia tena. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua jembe lake.

"Wewe ulikuwa naye jando moja," akasema. "Wa jando moja haleti msiba wa mwenzake. Unajua hivyo."

"Najua, mama. Lakini mwenye kuuleta amekudanganya."

"Basi aje anidanganye tena, aje na sahani."

Kwa ninyi wa sindano, nieleze. Mtoto akifia jandoni, mama haambiwi na mtu mwingine. Mlezi huja mwenyewe, anaweka kizingitini sahani aliyokuwa akimpelekea mtoto chakula, imepasuliwa. Hapo ndipo mama analia. Kabla ya hapo mtoto hajafa, hata kama kijiji kizima kinajua. Na ulezi wake hauishi mtoto akitoka porini. Ni wa maisha. Binti Mchopa hajasoma hitima, hajakaa matanga, amewafukuza ndugu waliotaka kugawana mikorosho. Wanawake kisimani wanamwita mkwe wa mzungu, na yeye anaitika, anacheka nao, kwa sababu anaamini ni sifa. Amezeeka sasa. Akifa hivi, atakuwa amekufa anamnung'unikia mwanawe kwamba amemsahau.

Nikamfuata Chitanda dukani. Alikuwa anakunja khanga.

"Ulisikia hodi?" nikamuuliza.

"Kaa chini kwanza, mwanangu."

"Sikukaa kwenye mvuke, nikae kwako? Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ufunguo?"

"Nilikuwa nao. Nilipanda nikamwambia bwana. Akasema ningoje kwanza abiria wapite ujiani, mvuke usije ukawatokea. Nikarudi nikangoja. Ningefanyaje? Ningefukuzwa."

"Mlipomtupa bila maji, ulisema nini?"

Akachukua khanga nyingine, akaikunja. "Mama yake nimemwambia jambo la kumfurahisha," akasema. "Wewe umemwambia la kumuua. Nani mwenye huruma kati yetu?"

Nilitoka kabla mkono wangu mzima haujafanya kitu. Nimekwenda kwa wazee, wameniambia tusifukue ya zamani, na Chitanda hutoa mafuta ya taa ya msikiti. Nimekwenda ofisini, karani akaniuliza meli ni ya nani na maji ni ya nchi gani. Na sasa nasikia watu wa Mtua wanataka kumpa tena ulezi, jando la kiangazi hiki.

Basi nadai. Garrick, popote ulipo, uulizwe nani alisema bomba lingoje Mombasa, na nani alisema mlango ufungwe. Wenye meli wanaojua alikokwenda wamtaje. Ninyi kina baba mnaotaka kumkabidhi Chitanda watoto wenu, kamuulizeni kwanza yule aliyepewa wa mwisho yuko wapi.

Na wewe Chitanda, sitaki upelekwe polisi wala upige magoti mbele yangu. Nataka uende Nambilanje na sahani iliyopasuka, mchana, watu wakiona. Useme kwamba Hamisi hakuoa, amekufa. Useme nani alikuwa na ufunguo na alikuwa anawangoja kina nani. Useme ulimsemea kwamba kwao hawaoshi maiti. Mama hatakubali kwa mtu mwingine, nimejaribu. Anakungoja wewe, na hana miaka mingi. Utakwenda lini?